Kwa unayeanza kutafiti sheria za kazi: fuatana na mkaguzi

Wengi wanaoingia kwenye utafiti wa sheria za kazi na maendeleo ya uchumi huja na swali moja: je, sheria kali hufukuza wawekezaji? Nami nilianza nalo, nikamaliza karibu mwaka mzima nikilinganisha vifungu vya nchi hii na vya nchi ile. Vifungu havikunijibu. Kwenye jengo la Rana Plaza, Bangladesh, lililoporomoka Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, nyufa zilionekana siku moja kabla, na bado wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi ndani. Sheria zilikuwepo.

Kilichonifungua macho ni kufuatana na mkaguzi wa kazi, yaani afisa wa serikali anayekagua kama sheria za kazi zinafuatwa. Tulipoingia kiwanda cha nguo hakuulizia mikataba; alinyoosha moja kwa moja hadi mlango wa dharura, akakuta una kufuli. Angeweza kuandika faini akaondoka. Akamuuliza meneja: kwa nini unafunga? Vitambaa vinaibwa. Wakakubaliana kufuli litolewe palepale, kiwekwe king'ora kitakacholia mlango ukifunguliwa. Kwenye daftari la mahudhurio hakubembeleza. Mwezi mzima kila mtu ameingia saa mbili kamili na kutoka saa kumi na moja kamili, mwandiko mmoja, wino uleule: daftari la kughushi. Hapo aliandika faini.

Uamuzi huo, wa lini kufundisha na lini kuadhibu, ndio utafiti wenyewe. Uingereza ilipotunga sheria ya viwanda mwaka 1833 iliteua wakaguzi wanne tu kwa nchi nzima. Kwa hiyo kabla ya kusema sheria imeshindwa, hesabu wakaguzi, uliza kama wana usafiri, na nani anawapigia simu wakimbana tajiri. Kumbuka pia kwamba kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018, watu bilioni 2 hufanya kazi zisizo rasmi, ambako mara nyingi mkaguzi hafiki.

Halafu, tafadhali, usiwahoji wafanyakazi msimamizi akipitapita. Nilifanya hivyo, wote wakaniambia mambo ni mazuri. Wiki kadhaa baadaye niliwasubiri mbali na geti. Dada mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mkaguzi anaweza kuja usiku, maana zamu ya usiku ikianza, kufuli hurudishwa.