Maswali ya Wasomaji: Kongamano la Kwanza la Watengeneza Tovuti

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wa Arusha tunakusudia kuandaa kongamano la watengeneza tovuti, ilhali hatujawahi kuhudhuria hata moja. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na intaneti ya ukumbi, kwa kuwa mtandao unaotosha harusi ya watu 200 hulemewa pale watu hao hao wanapofungua kompyuta kwa pamoja, kila mmoja akiwa na simu pia. WordCamp ya kwanza, yaani kongamano la watumiaji wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, iliyofanyika San Francisco mwaka 2006, ilikuwa ya siku moja tu; nanyi msizidishe. Acheni mapumziko marefu baina ya mada, maana mgeni hufahamiana na wenzake kwenye chai, si jukwaani. Kabla ya kualika watu, hudhurieni kongamano la wengine, ikiwezekana mkijitolea kupokea wageni mlangoni.