Je, mRNA imezifuta chanjo za zamani kwenye utafiti?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii, Dodoma. Utafiti wangu ni kuhusu mwelekeo wa tafiti za chanjo wakati wa UVIKO-19, aina mpya kama mRNA na zile za zamani. Nikitafuta makala, karibu kila ninayoipata ni ya mRNA. Je, naweza kuandika kwamba janga lile limezifuta chanjo za zamani kwenye utafiti?

Jibu: Marahaba. Usiandike hivyo. Kuna hesabu tatu ambazo watu huzichanganya: makala zilizochapishwa, chanjo zilizofika kwenye majaribio kwa binadamu, na dozi ambazo watu walichomwa kweli. Kila hesabu ina mshindi wake, nawe umehesabu moja tu.

Kwenye makala, mRNA, yaani chanjo inayozipa seli maelekezo ya kutengeneza protini ya kirusi, ilitamba, na ilistahili. Jenomu ya kirusi, yaani mpangilio wake wa vinasaba, ilitolewa hadharani Januari 2020, na tarehe 16 Machi mtu wa kwanza akachomwa chanjo ya mRNA ya kampuni ya Moderna mjini Seattle, Marekani. Kabla mwaka haujaisha, Pfizer na BioNTech walitangaza ufanisi wa asilimia 95. Watafiti wengi wakageukia huko. Mwaka 2021 yakaja maswali ya uvimbe wa misuli ya moyo kwa vijana wa kiume, kisha dozi za nyongeza, kisha aina mpya ya kirusi, Omicron, na kila swali lilizaa makala kwa mamia. Zingatia pia kwamba nchi zilizochanja zaidi kwa mRNA ndizo zenye fedha za utafiti na kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Makala huota palipo na takwimu.

Sasa fungua orodha ya Shirika la Afya Duniani ya chanjo zilizokuwa zikijaribiwa. Kufikia mwisho wa Machi 2023 kulikuwa na chanjo 183 kwenye majaribio kwa binadamu. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa chanjo za protini, zinazobeba kipande tu cha kirusi, karibu theluthi moja; za RNA, kundi lenye mRNA, zilikuwa kama robo. Na protini si teknolojia ya jana. Chanjo ya homa ya ini B inayotengenezwa kwa hamira imekuwepo tangu 1986, na kinga dhidi ya ugonjwa huo imo ndani ya chanjo ya pentavalent (ya magonjwa matano) anayochomwa mtoto kliniki. Corbevax, chanjo ya UVIKO-19 iliyobuniwa Houston, Marekani, na kuidhinishwa India Desemba 2021, ilipita njia hiyohiyo ya hamira.

Ukija kwenye dozi, picha inageuka kabisa. Hadi Oktoba 2021 dunia ilikuwa imetoa zaidi ya dozi bilioni 7, na karibu nusu zilikuwa za kampuni za China, Sinovac na Sinopharm. Hizi ni chanjo za kirusi kilichouawa, njia aliyoitumia Jonas Salk kwa polio na kuidhinishwa 1955.

Tofauti ya aina hizi unaiona hata kwenye kichupa. Hapa Tanzania tulianza na Janssen Julai 2021, kisha zikaja Sinopharm na Pfizer. Kichupa cha Sinopharm ukikiacha kimesimama, weupe hutuama chini: ni chumvi ya aluminiamu inayoamsha kinga, pamoja na virusi vilivyooteshwa kwenye seli za figo za tumbili na kuuawa kwa kemikali. Unakitikisa mpaka kichanganyike, na kikiganda barafu unakitupa. Kile cha Pfizer cha mwanzo kilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Ukishakiyeyusha, unakigeuza juu chini mara kumi polepole, unaongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi ya sindano, unakigeuza tena mara kumi. Kukitikisa ni mwiko, maana vitone vya mafuta vilivyobeba mRNA vinaharibika. Ukiandika sura ya mnyororo baridi, yaani kusafirisha na kuhifadhi chanjo kwenye baridi, anzia hapo, kwa sababu nchi nyingi zilichagua chanjo kwa kutazama majokofu yao.

Nina shaka pia na namna ulivyotafuta. Ukiandika neno la Kiingereza la "kirusi kilichouawa" (inactivated) peke yake, utakosa makala nyingi. Tafuta kwa majina: CoronaVac (ya Sinovac), BBIBP-CorV (ya Sinopharm), Covaxin (ya India), na "Vero", jina la zile seli za figo za tumbili. Ongeza Kihispania na Kireno, kwa kuwa Chile na Brazili zimefanya kazi kubwa sana hapa. Utafiti wa Chile wa 2021 kuhusu CoronaVac ulifuatilia watu wapatao milioni 10.2 na kukuta kinga ya asilimia 65.9 dhidi ya ugonjwa na 86.3 dhidi ya kifo. Makala moja kama hiyo huwezi kuihesabu sawa na dodoso la wanafunzi mia mbili kuhusu kusitasita kuchanja, ingawa kwenye jedwali lako zote zitasomeka "1".

Na usiyafunge makundi mawili kama mahasimu. CureVac ya Ujerumani ilikuwa mRNA pia, lakini Juni 2021 ilionyesha ufanisi wa takriban asilimia 47 tu. Hong Kong, ambako watu walichomwa CoronaVac au ile ya mRNA ya Pfizer na BioNTech, wimbi la 2022 lilionyesha kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi dozi mbili za CoronaVac zilikinga pungufu kuliko mbili za mRNA dhidi ya ugonjwa mkali. Walipopata ya tatu, pengo likazibika. Chanjo zote mbili zikapita asilimia 95. Swali la maana likawa dozi ngapi, kwa nani, na lini.

Kwa hiyo gawanya jedwali lako kwa miezi, kuanzia Januari 2020, na kila makala uipe safu ya aina ya chanjo, nchi, na swali lililoulizwa: usalama, ufanisi, mitazamo ya watu, au maabara. Makala ambazo hazikupitiwa na wataalamu ziweke kando, maana nyingi zilichapishwa tena baadaye rasmi na utazihesabu mara mbili. Ukifikisha makala hamsini za kwanza, nitumie jedwali nilione kabla hujaendelea.