Choo cheusi na kamera haioni kitu? Rudieni
Pole sana dadangu. Mama kupata choo cheusi kama lami, kuongezwa damu mara mbili, halafu kamera ya tumbo inasema kuko sawa, hiyo inachosha roho. Lakini kuna kitu kinaitwa Dieulafoy, mshipa mnene umekaa chini tu ya utando wa tumbo, unatoboka katundu kadogo, unamwaga damu alafu unanyamaza, sasa daktari akiangalia siku umetulia anakuta tumbo safi kabisa. Omba endoskopi, yaani hiyo kamera ya tumbo, irudiwe mama akiwa bado anavuja damu. Wakiupata wanaubana na klipu ndogo ya chuma hapo hapo, hapasuliwi. Ikikosa tena uliza kapsuli ya kamera, anaimeza tu na inapiga picha utumbo mdogo masaa kama 8. Na akishikwa na kizunguzungu tafadhali usingoje asubuhi, mkimbize kazualti usiku huo huo.