Utafiti wa anthropolojia nyumbani Mombasa: kwa wanaoanza uzamili

Ukizaliwa Mombasa ukaamua kuifanyia utafiti Mombasa yenyewe, utaambiwa una bahati: lugha unayo, vichochoro unavijua, jamaa wako kila mtaa. Ni kweli, ila ujue wenyeji ndio hurudi na madaftari membamba. Mgeni huuliza kwa nini fulani kakaribishwa ukumbini na mwingine kaishia mlangoni. Wewe unaona ndivyo ilivyo, unapita.

Tangu mwanaanthropolojia Malinowski akae visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, kati ya 1915 na 1918, kukaa na watu muda mrefu na kujua lugha yao ndiyo kanuni ya fani hii. Lakini yeye alikuwa mgeni. Anayetufaa zaidi ni mwanafunzi wake huko London, Jomo Kenyatta, aliyechapisha mwaka 1938 kitabu kuhusu Wakikuyu wenzake. Msome ukitazama wapi anaeleza na wapi anawatetea watu wake. Nasi tunaoandika harusi na madrasa za kwetu tuna ugonjwa huo huo.

Stadi ya kujifunza mapema, na kwangu inazipita nadharia zote za muhula wa kwanza, ni kuandika daftari. Umeketi baraza ya kahawa Kibokoni baada ya Alasiri, usiku unaandika: “Wazee wamezungumza siasa.” Hapo hujaandika kitu. Andika hivi: wanaume watano, wawili barazani, watatu kwenye viti vya plastiki. Muuza kahawa kampa mgeni kikombe kabla hajaagiza. Aliyelipa si yeye wala jirani yake. Ni mzee wa pembeni, kainua vidole viwili bila kusema neno. Kijana wa bodaboda kaamkia bila kushuka, mmoja akaguna.

Sasa una maswali ya maana. Nani humlipia nani? Kuna asiyelipiwa kamwe? Yule aliyeguna kaudhiwa na nini? Maswali kama haya huyapati ukiwa maktaba. Andika usiku huo huo, na dhana zako uziweke mbali na ulichoona, hata kwa kalamu ya rangi nyingine, maana baada ya miezi hutazitenganisha.

Kina dada, baraza hizo nyingi ni za wanaume na hakuna haja ya kulazimisha. Nendeni uani, jikoni, kwenye maandalizi ya harusi, ambako mwanamume mtafiti hafiki. Na sote tusiandike “Waswahili wanaamini” kwa kuwa tumesikia upande mmoja wa nyumba.

Kibali nitakitaja kwa haraka: kamati ya maadili kwanza, halafu leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, halafu ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu kabla ya kuanza. Anza mapema, na ubebe nakala.

Linalonikera ni tunavyoficha majina. Kumwita Mzee Ali “Mzee Omar” hakumfichi mtu Mji wa Kale. Ukiandika muuza kahawa mwenye kibiongo karibu na msikiti fulani, mtaa mzima umeshamjua, na aliyokuambia kuhusu mirathi ya nduguze yatamfikia nduguye. Badilisha kazi, mtaa, hata umri pale ambapo havihusiani na hoja. Na kama hadithi haifichiki, iache nje ya tasnifu hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote. Idhini nayo si karatasi ya kutia sahihi mara moja. Mtu aliyekubali jana akinong'ona leo “hili baina yetu”, zima kinasa sauti, na usikimbilie chooni kuliandika.

Mahojiano yaandike kama yalivyotamkwa, Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kibaki Kimvita, usiyasafishe yawe Kiswahili cha mtihani. Saa moja ya sauti itakula saa nne au zaidi za kuandika, kwa hiyo usirundike kanda ukingoja likizo.

Msimamizi naye mpelekee kurasa chache za daftari lenyewe pamoja na sura uliyoipamba. Atakuuliza “umejuaje?” kando ya sentensi moja moja, na ukikosa jibu bado uko Mombasa, nauli ya tuktuk tu kurudi kuuliza.