Thorong La, na begi alibeba nani?

Mmeuliza wiki hii siku gani ya safari ilituchosha kuliko zote na kama tungeirudia. Jibu ninalo, ila kuna kitu kinaniuma kwanza, kwanini kila anayesimulia milima anasema nilipanda, nilivuka, na aliyembebea begi hatajwi? Sisi wa Moshi wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, ni kaka zetu na majirani zetu, kwahiyo hii ishu inanigusa.

Yangu ni siku ya kuvuka Thorong La kule Nepal, pito la juu kati ya milima kwenye njia ya kuzunguka milima ya Annapurna, mita 5,416. Nilienda na Mnepali tuliyekuwa tunafanya naye kazi Doha. Tulitoka Thorong Phedi, kituo cha kulala chini ya pito, saa kumi alfajiri na tochi za kichwani, maana jua likishapanda upepo wa kule juu haufai. Pumzi hakuna, maji yameganda kwenye chupa, kichwa kinagonga, ukiona mgongo wa mlima unadhani ndo mwisho, ukifika unakuta mwingine.

Mbele yangu alikuwa mpagazi wetu. Wao mzigo wanaubeba kwa kichwa, mkanda mpana wanauita namlo unapita juu ya paji la uso halafu begi linaning'inia mgongoni. Basi nimetembea masaa naangalia shingo ya yule kijana, mishipa imesimama, mkono mmoja kashika mkanda, chini kavaa raba za kawaida kwenye theluji. Tukisimama hatui mzigo, anaupumzisha juu ya kifimbo chake kifupi, anapuliza pumzi kama mluzi, halafu ananiuliza mimi kama kichwa kinauma! Mimi nina kamfuko tu ka maji na biskuti. Kuteremka hadi Muktinath, upande wa pili, ni kama mita 1,600, magoti yaliisha, na yeye na lile zigo ndo alikuwa ananisubiri kwenye kona.

Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliyoletwa na kimbunga Hudhud iliua watu zaidi ya 40 milima hiyohiyo, na waongozaji na wapagazi walikuwemo.

Nilikaa kuandika nikiwa nataka kusema kila mtu abebe chake, basi. Lakini kijana aliniambia hela ya msimu ndo inasomesha wadogo zake, na nawajua wagumu wetu masika wanavyokaa vijiweni bila kazi, sasa nikisema msiwaajiri nitakuwa nimemsaidia nani? Ajirini, ila mzigo upimwe kwenye mizani kama pale geti la Machame la kupandia Kilimanjaro, na viatu na koti lake mviangalie mkiwa bado chini, sio mkishafika kwenye barafu.

Kurudia ningerudia, mwezi wa kumi au wa kumi na moja mwanzoni, hali ya hewa ikiruhusu, na Manang, kijiji cha kabla ya pito, tulale siku zaidi ili mwili uzoee. Mpagazi akisema leo hatuvuki, hatuvuki.