Kwa nini metali ya gothiki inaimba mapenzi kama uraibu

Mkuu, umeuliza kwa nini nyimbo za metali ya gothiki, ile roki nzito yenye giza na huzuni, zinamfanya mpenzi kama unga, au ni mbwembwe tu za watu wa kuvaa nyeusi. Mbwembwe zipo, tena nyingi. Ila usiishie kwenye maneno, sikiliza na muziki wenyewe.

Chukua wimbo "Wicked Game". Chris Isaak aliutoa 1989, kisha miaka ya tisini HIM, bendi ya vijana wa Helsinki, Finland, wakaurudia kwa magitaa mazito. Napiga gitaa, na huu ndio ulionifungua masikio. Korodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni tatu tu, zinazunguka. Ubeti na kiitikio vinatumia zile zile, kinachoongezwa ni dozi. Ukizipiga mwenyewe utaona sikio linasubiri zitue mahali, hazitui, na kabla hujakaa sawa umesharudi kwenye ya kwanza. Juu yake Ville Valo, mwimbaji wa HIM, anaapa kwamba hataki kupenda, halafu anaapa tena, na tena. Teja anayesema "naacha kesho" unamjua.

Type O Negative, bendi ya Brooklyn, New York, wao hawana haraka. Kwenye albamu yao October Rust (1996) kuna "Love You to Death", dakika kama saba za arosto ya polepole. Mwimbaji wao Peter Steele alikuwa jitu la mita mbili na ushee, sauti inatoka chini ya sakafu, lakini mwisho wa wimbo anamuuliza mwanamke, "Nakufaa?" Anauliza kama mtu anayeomba kukopeshwa. Hapo ndipo huwa naurudisha nyuma.

Kwetu pia mapenzi ni maradhi, taarabu na dansi zimejaa wagonjwa. Ila mgonjwa wetu anatafuta dawa, mpaka mpenzi anaitwa daktari. Wa gothiki hataki kupona. "Join Me" ya HIM inafika hadi kumwalika mpenzi wafe pamoja, na hapo mimi huwa nawaacha waende peke yao, piano iwe tamu kiasi gani.

Valo mwenyewe pombe ilimzidi, akaenda kutibiwa 2007, mwaka ule ule Venus Doom ilipotoka. Kama unataka kusikia mambo haya bila urembo mwingi, anza na albamu hiyo. Isikilize mchana, na kama umeachwa juzi, subiri kwanza.