Swali la lugha: kudokoa, kudonoa au kumega?

Msomaji wa Kisumu, mwalimu wa darasa la sita, anauliza: "Mwanafunzi ameandika, 'Mama alitukuta jikoni tukidonoa nyama kabla wageni hawajafika.' Mwenzangu amefuta 'tukidonoa' akaweka 'tukimega'. Mimi ningeandika 'tukila kidogo kidogo'. Nani yuko sawa?"

Sentensi yako ya "kula kidogo kidogo" haina kosa, ila imeacha jambo lililomfanya mama awe mkali: watoto walikuwa wakila kabla ya wakati, bila ruhusa. Neno lenye maana hiyo yote ni kudokoa. "Mama alitukuta jikoni tukidokoa nyama." Mwanafunzi alikosea konsonanti moja tu, na masikio yake hayakuwa mbali na ukweli. Aliyesahihisha ndiye aliyekwenda mbali zaidi.

Kudonoa ni kazi ya mdomo wa ndege. Nenda ufuo wa Dunga, hapo Kisumu, asubuhi omena, yaani dagaa wa ziwani, zikiwa zimeanikwa: kuku akipenya na kuokota moja kwa mdomo wake, anadonoa. Mtoto akipita na kutwaa mbili tatu kwa vidole, akatupia kinywani huku akitazama nyuma, huyo anadokoa. Samaki ni wale wale na kiasi ni kile kile, lakini vitenzi ni viwili. Binadamu naye huweza kusemwa kuwa "anadonoadonoa chakula", na hapo tunamfananisha na kuku: hana hamu, anagusa hapa na pale, sahani inabaki ilivyokuwa. Hiyo ni tamathali nzuri, ila haiwafai watoto wenye njaa jikoni.

Kumega ni kutenga kipande kutoka kwenye kitu laini kilichoshikamana, kama ugali au mkate. Unamega ugali, unaufinyanga kuwa tonge, unalichovya kwenye mchuzi. Hakuna wizi wowote ndani yake; mgeni wa heshima naye humega. Ndiyo maana neno hilo limepanuka hadi kwenye ardhi: mto humega kingo zake, na shamba likikatwa sehemu tunasema limemegwa. Nyama ya kukaanga haimegwi, kwa kuwa haikatiki kwa kubanwa na vidole. Nyama iliyo kwenye mfupa na samaki mzima hunyofolewa: unashika mnofu, unauvuta, unaachana na mfupa. Kwa hiyo mezani mtu mmoja, kwa mkono ule ule mmoja, humega ugali na kunyofoa samaki aina ya ngege. Ukiandika kwamba alimega samaki, msomaji atadhani samaki huyo alipondeka.

Usichanganye pia na kuonja. Mpishi anayeweka tone la mchuzi kiganjani ili kupima chumvi anaonja. Akirudi mara ya tano kuchukua vipande vya maini, ameshaanza kudokoa. Na mchuzi wenyewe haudokolewi, kwa sababu kitenzi hiki kinataka kitu kinachoshikika.

Kuguguna kunahitaji meno ya mbele na kitu kigumu: mfupa, au hindi la kuchoma kama yale yanayouzwa kando ya barabara Nakuru. Ukilipukuchua kwanza, kisha ukarusha punje kinywani kwa mkupuo, hapo umezibwakia. Kumumunya hakuna meno kabisa. Ndivyo peremende inavyoliwa.

Turudi kwa dokoa, maana umbo lake huwatatiza wengi. Vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili, kama komboa, gundua na dokoa, vina sauti ya *l* iliyofichika, nayo hujitokeza tunaponyambua. Tunasema "nyama imedokolewa", si "imedokoewa". "Alimdokolea mdogo wake kipande", yaani alikichukua kwa ajili yake. Tunapounda jina la mtendaji, *l* hiyo hugeuka *z*: komboa hutoa mkombozi, gundua hutoa mgunduzi, na dokoa hutoa mdokozi. Tabia yake ni udokozi. Wanafunzi huandika "mdokoaji"; hata kama linaeleweka, lililozoeleka ni mdokozi, na hilo ndilo la kufundisha.

Mdokozi si wa chakula pekee. Anayechukua kijiko cha sukari cha jirani kila siku, au shilingi kumi kumi kwenye droo ya duka, ni mdokozi pia. Anayevunja mlango usiku si mdokozi. Huyo mwite mwizi au jambazi. Udokozi ni udogo wa kiasi pamoja na kurudiarudia, na hapa ndipo methali "chovya chovya humaliza buyu la asali" inapopata nguvu. Tazama jinsi kitenzi kilivyorudiwa. Kiswahili hurudia kitenzi kuonyesha tendo dogo lisilokoma: megamega, tafunatafuna, dokoadokoa. Mwanafunzi angeweza kuandika "tukidokoadokoa nyama", na picha ya sufuria inayopungua polepole ingekamilika.

Jihadhari tu na kudokeza, ambalo ni kugusia habari bila kuimaliza. "Alinidokeza nyama" haina maana. "Alinidokezea kwamba nyama imeiva" ndiyo sahihi.

Katika kusahihisha, basi, badilisha *n* iwe *k*, umwachie mtoto sentensi yake iliyobaki. Ukipata nafasi, mwonyeshe pia kuku.